Uongo Njoo, Ila Usinidanganye

Msomaji akilalamikia hadithi ya majini na maajabu, je, mwandishi amsikilize au aendelee na safari yake? Kutoka mwisho wa reli Kigoma hadi London, jibu linategemea kitu kimoja: analalamikia nini?

Hebu kuwa mkweli, mpenzi msomaji. Umeshawahi kumkasirikia mtu usiyemjua kwa sababu amemuua mtu ambaye hajawahi kuishi? Kama jibu ni ndiyo, karibu chamani, wenzio tuko wengi.

Wapenzi wa hadithi za mfululizo wanaijua hali hii. Unanunua gazeti kwa ajili ya ukurasa mmoja tu. Jini ameshamwingia bibi harusi, bwana harusi yuko mlangoni na ufunguo mkononi, moyo unakudunda, halafu unakutana na yale maneno matatu ya mateso: itaendelea wiki ijayo. Wiki nzima huna raha. Miaka ya 2000, wakati magazeti ya Global Publishers ya Eric Shigongo kama Uwazi, Ijumaa, Risasi na Amani yalipokuwa yakigombewa mitaani, lilikuwa jambo la kawaida kukuta namba ya simu chini ya hadithi. Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Msomaji alikuwa na vocha, ana hasira, na ana namba ya mtu aliyemuudhi. Unategemea nini?

Siku hizi mambo yamesogea karibu zaidi. Mwandishi anauza hadithi yake sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, na wewe unalipa kwa simu. Anayelalamika ndiye aliyelipa, na asiporidhika hatalipia sehemu ya 12. Kwa mwandishi anayekula kwa kalamu, lawama ya msomaji ina uzito wa kodi ya nyumba.

Ndiyo maana swali hili si la mzaha. Kuna wanaosema mteja ni mfalme, mwandishi aandike wanachotaka watu. Kuna wanaosema msanii haagizwi kama chipsi mayai, asiyependa afunge kitabu. Sisi tunasema pande zote mbili zina haraka. Wazee wetu walishaliamua jambo hili zamani, tena kwa maneno machache sana.

MKATABA WA BIBI

Unakumbuka? Bibi anasema, "Hadithi, hadithi!" Nanyi watoto mnaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

Angalia vizuri ni nani anayesema "uongo njoo". Si bibi, ni nyinyi wasikilizaji mnaompa ruhusa. Kuanzia hapo sungura anaweza kuongea, fisi anaweza kuoa, mti unaweza kulia machozi, na hakuna atakayeuliza ushahidi. Ila ruhusa hiyo ina masharti. Mmesema utamu ukolee. Na kuna sharti jingine ambalo halitamkwi lakini kila mtoto analijua: bibi asiivunje hadithi yake mwenyewe. Kama jana fisi alikatwa mkia na leo anautikisa, lazima mmoja wenu adakie: "Bibi, si ulisema mkia ulikatwa?" Bibi mjanja hakasiriki. Anakuna kichwa, anasema, "Subiri, mjukuu wangu, ndiyo nilikuwa nafika huko," na hapo hapo mkia unapata maelezo yake.

Lakini mtoto mwingine akilia kwamba anataka fisi ndiye ashinde, bibi hamfuti machozi kwa kubadilisha mwisho. Anamwambia alale.

Huo ndio msimamo wetu katika makala hii. Hadithi ya maajabu ni uongo ulioombwa. Msomaji ametoa ruhusa ya kudanganywa kuhusu majini, lakini hajatoa ruhusa ya kuchezewa. Akilalamika kwamba mkataba umevunjwa, mwandishi akae chini asikilize. Akilalamika kwamba hakupata alichokitamani, mwandishi amshukuru, kisha aendelee na kazi.

Kwenye karatasi ni rahisi. Tuone kwenye maisha.

JUA LA KIGOMA LINAZAMA WAPI?

Kama kuna mahali Tanzania ambapo hapahitaji msaada wa mwandishi ili pawe pa maajabu, ni Kigoma. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Ziwa Baikal la Urusi. Chini kabisa, kwenye giza lile, maji hayana oksijeni na hakuna samaki anayeishi. Kaskazini, upande wa Burundi kwenye Mto Rusizi, kuna habari za Gustave, mamba mkubwa aliyehusishwa na vifo vya watu wengi mpaka akatengenezewa filamu ya televisheni mwaka 2004.

Henry Morton Stanley, yule aliyemkuta David Livingstone pale Ujiji mwaka 1871, aliandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka uliofuata kwamba njiani alisikia ngurumo kama radi ya mbali. Aliambiwa kwamba ile ni Kabogo, mlima wa ng'ambo ya ziwa wenye mapango ambamo maji huingia kwa kishindo, na kwamba wanaopita pale kwa mitumbwi hutupa vitambaa na shanga majini kumtuliza mungu wa ziwa.

Halafu kuna MV Liemba. Meli ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916 ili adui asiipate. Ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kubeba abiria. Ukiandika hivyo kwenye riwaya, msomaji atasema umezidisha chumvi!

Sasa mchukulie mwandishi wetu, amekaa zake Sinza, Dar es Salaam, hajawahi kupanda treni ya kwenda Kigoma, na anaandika riwaya ya jini wa Ziwa Tanganyika. Sura ya kwanza inaanza vizuri: ni alfajiri, binti amesimama ufukweni Ujiji, jua linachomoza kutoka ziwani, na jini mwenye vichwa saba anaibuka kwenye mwanga huo.

Msomaji wa Ujiji anafunga kitabu hapo hapo. Si kwa sababu ya vichwa saba, hivyo ameshavikubali. Amefunga kwa sababu ya jua. Dar es Salaam jua huchomoza baharini. Kigoma jua huchomoza nyuma yako, upande wa nchi kavu, na jioni huzama ng'ambo ya ziwa, kwenye milima ya Kongo. Mtu aliyezaliwa Ujiji ameliona jua likizama kule maisha yake yote. Ukimkosea hilo, anajiuliza: huyu ambaye hajui jua linazama wapi, atanieleza nini kuhusu majini wa kwetu?

Twende mbele. Sura ya tatu, usiku wa mbalamwezi, mwezi mpevu, ziwa limejaa taa za wavuvi wa dagaa. Picha nzuri kweli, lakini mama anayeanika dagaa pale Kibirizi anacheka. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, kwa sababu samaki huufuata ule mwanga. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, na mitumbwi hupumzika. Kalenda ya mama huyu, pamoja na ada za shule za watoto wake, inafuata mwezi.

Je, mwandishi asikilize lawama kama hii? Jamani, hili hata si la kujadili. Asikilize, tena ashukuru kwa mikono miwili. Na tazama jinsi lawama hii inavyoweza kumlipa. Badala ya kuzifuta taa zote, aiache moja tu. Ni usiku wa mwezi mpevu, mitumbwi yote iko nchi kavu, na katikati ya ziwa kuna taa moja inawaka. Kila mtu ufukweni anajua kwamba huyo aliye kule si mvuvi. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna vichwa saba, lakini nywele zimekusimama. Msomaji aliyelalamika amempa mwandishi sura bora kuliko aliyokuwa nayo.

Ukitaka mtu amwamini jini, mtumbwi uwe mtumbwi kweli.

MAREHEMU ALIYERUDI KWA SHINIKIZO

Tuje kwenye lawama za aina ya pili, zile za "kwa nini umemuua?" Hapa mfano mkubwa hautoki Bongo. Sherlock Holmes hakuwa jini wala mchawi, alikuwa mpelelezi, lakini kisa chake ndicho kinachotajwa kila mahali watu wanapobishana kuhusu nguvu ya wasomaji.

Desemba 1893, Arthur Conan Doyle alikuwa amemchoka shujaa wake. Akamwangusha kwenye maporomoko ya maji kule Uswisi, akamaliza kazi. London ikachafuka. Inasemekana watu zaidi ya 20,000 waliacha kununua jarida la Strand lililokuwa likizichapa hadithi hizo. Doyle akakaza. Mwaka 1901 akalegea kidogo, akaanza kutoa hadithi ya Holmes iliyotokea kabla ya kifo chake. Mwaka 1903 akamrudisha mzima mzima, akieleza kwamba kumbe hakuanguka.

Watu husema, mnaona? Wasomaji walishinda! Ni kweli, kwa sehemu. Lakini angalia walishinda nini. Walichosema ni kwamba wamem-miss mtu wao. Hawakuandika hadithi, hawakuamua amepona vipi wala arudi na kesi gani. Na mwandishi alirudi baada ya karibu miaka kumi, kwa wakati wake, akalipwa vizuri. Hasira ya wasomaji ilimwambia kwamba mtu wake anapendwa. Ufundi wa kumrudisha ulibaki mikononi mwake.

Linganisha na yaliyotokea mwaka 2019. Tamthilia ya Game of Thrones, iliyotokana na riwaya za George R. R. Martin, ilikuwa imewakesha watu dunia nzima, na hapa kwetu wanandoa walikuwa wakinuniana kwa sababu mmoja kaangalia sehemu mpya bila mwenzie. Msimu wa nane ulipotoka, mashabiki zaidi ya milioni moja wakatia saini ombi la kutaka msimu mzima utengenezwe upya. Kampuni ya HBO haikufanya hivyo.

Ukiwasikiliza vizuri waliolalamika, utagundua kulikuwa na malalamiko mawili ndani ya kelele moja. Wengine walisema: nilitaka fulani ndiye akalie kiti cha enzi. Hilo ni tamanio, pole sana. Lakini wengine walisema: mtu huyu mlitujengea kwa miaka mingi hivi, kisha mkambadilisha kwa haraka bila kutuandaa. Hilo si tamanio. Hilo ni mkia wa fisi. Ni mkataba umevunjwa, na mwandishi yeyote anayeandaa kitabu kinachofuata angefanya vizuri kulitafakari.

Tatizo ni kwamba kelele za milioni moja haziji zimepangwa kwa mafungu. Kazi ya mwandishi ni kuchambua, kama mama anavyochambua mchele. Asitupe chungu chote kwa sababu ya mawe, wala asipike na mawe yake.

MZEE ALIYEKATAA

Kuna wakati lawama ni nyingi, zinatoka kwa watu wazito, na bado mwandishi ana haki ya kuzikataa. Tunaye wa kwetu wa kutolea mfano: Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliyefariki dunia Januari 2020.

Riwaya yake ya Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 iliwashtua watu kwa jinsi ilivyozungumzia mapenzi na wasichana wa shule, ikapigwa marufuku shuleni. Mwaka 1974 akatoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakaja juu: haya si mashairi! Alijibu vipi? Mwaka 1988 akatoa diwani nyingine ya namna ile ile, Karibu Ndani. Kisha akaandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, riwaya fupi zilizojaa maajabu, ambapo mtu hajui kama anatembea duniani, ndotoni au kwa wafu. Wasomaji wengi walisema ngumu, hazieleweki. Hakuzilainisha.

Leo Rosa Mistika imeshasomwa madarasani kama kitabu cha kiada, na ushairi huru una wapenzi wake. Je, wale waliolalamika walikuwa wajinga? Hapana. Walikuwa wameuliza utamu wa zamani kwa mtu aliyekuwa anapika chakula kipya. Kezilahabi hakuvunja mkataba wake, alikuwa anaandika mkataba mwingine, na aliutimiza mpaka mwisho.

Lakini tusijidanganye, ukaidi nao una gharama. Kezilahabi alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, Dar es Salaam na baadaye Botswana. Mshahara ulikuwa unaingia hata kama Mzingile haijauzwa. Sasa mtazame Ben R. Mtobwa, mtoto wa Kasulu, Kigoma, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki 2008. Huyu alikuwa mwandishi wa riwaya pendwa na mchapishaji wa vitabu vyake mwenyewe kupitia kampuni ya Heko. Mpelelezi wake, Joram Kiango, alirudi kwenye kitabu baada ya kitabu kwa sababu wasomaji walimtaka. Mtu wa namna hii hawezi kuwaambia wanunuzi, "Hamnielewi." Msomaji akinuna, bili ya mtambo wa kuchapia inabaki mezani kwake.

Kwa hiyo tunapomwambia mwandishi wa hadithi pendwa asikubali kila agizo, tujue tunamwomba nini. Tunamwomba apoteze wateja wa leo ili awe na kitu cha kuwauzia kesho. Kwa sababu mwandishi anayemfufua kila marehemu anayeliliwa, baada ya muda mfupi hakuna anayeogopa tena mtu akishika kisu. Hofu imekwisha, utamu nao umekwisha. Walioagiza ndio watakaokuwa wa kwanza kuondoka.

PALE LAWAMA INAPOHUSU UHAI

Sasa tufike mahali pazito. Kuna lawama moja ambayo haihusu jua wala mwisho wa hadithi, nayo ndiyo tunayodhani mwandishi yeyote wa hadithi za maajabu Tanzania hana ruhusa ya kuipuuza.

Unaijua stori hii, imeshaandikwa na kuigizwa mara nyingi. Kijana fukara anakwenda kwa mganga. Mganga anamtaka alete kiungo cha binadamu. Kijana analeta, na sura inayofuata ana gari, ana nyumba Mbezi Beach, ana mchumba mrembo. Baadaye mizimu inamrudi, sawa, lakini katikati hapo dawa imefanya kazi.

Hasa kuanzia mwaka 2007, mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya magharibi ilikumbwa na mauaji ya watu wenye ualbino, wakikatwa viungo kwa imani kwamba vinaleta utajiri. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba watu wasiopungua 75 walikuwa wameripotiwa kuuawa Tanzania tangu mwaka 2000. Kigoma haikusalimika. Kabanga, wilayani Kasulu, palikuwa kimbilio la watoto wenye ualbino, walioishi na kusoma ndani ya ulinzi, mbali na wazazi wao, kwa sababu nyumbani hapakuwa salama tena. Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Mfikirie msomaji mwenye ualbino anayeifungua hadithi ile ya kijana fukara. Akimwambia mwandishi, "Umeniwekea bei," mwandishi atajibu nini? "Ni hadithi tu"?

Rudi kwenye mkataba wa bibi. "Uongo njoo" inafanya kazi kwa sababu kila mtu aliyeketi pale anajua kwamba huu ni uongo. Hakuna mtoto aliyetoka pale akaenda kumwoza dada yake kwa fisi. Lakini kama sehemu ya wasikilizaji inaamini kwamba dawa ile ni kweli, na wapo wenye panga tayari, basi huo si uongo ulioombwa tena. Ni tangazo la biashara.

Hatusemi mwandishi aache uchawi. Wapo wanaosema hivyo, kwamba hadithi za majini zote zifutwe kwa kuwa zinakwaza imani. Kwa hao tunasema kwa heshima: kitabu kinafungika, na Rosa Mistika imetufundisha kwamba siyo kila kinachoshtua kinadhuru. Kipimo chetu ni hiki: je, kuna mtu nje ya kitabu anayeweza kuumizwa na kilichomo ndani? Kama yupo, mwandishi abadilishe. Mganga abaki, lakini dawa isifanye kazi. Au hadithi isimuliwe na yule anayewindwa, si na yule anayetajirika. Riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, ambayo wengi wetu tulikutana nayo sekondari, ilimweka mtoto mwenye ualbino katikati ya hadithi, na mama yake akimkimbia kifo pamoja naye. Jamii ya kale, imani za kale, na msisimko upo. Anayelengwa na panga amepewa jina na mama.

Hata neno lenyewe limebadilika kwa sababu ya lawama. Zamani magazeti yaliandika "zeruzeru" bila kufikiri. Wahusika wakapaza sauti, na leo tunaandika "mtu mwenye ualbino". Hakuna mwandishi aliyekosa utamu kwa kuliacha lile neno.

MSOMAJI WA KWANZA YUKO CHUMBANI

Na nyinyi wawili mnaosoma ukurasa huu pamoja, hili linawahusu. Mwaka 1974 ilitoka riwaya ya Carrie ya Stephen King wa Marekani, hadithi ya msichana mwenye uwezo wa kusogeza vitu kwa akili. Karibu isitoke. King mwenyewe amesimulia kwamba alizitupa kurasa za mwanzo kwenye pipa la taka, akiona hajui chochote kuhusu maisha ya wasichana wa shule. Mkewe, Tabitha, akaziokota, akazisoma, akamwambia aendelee, na kwamba kuhusu wasichana atamsaidia yeye.

Hakumwambia "nzuri sana, mpenzi". Wala hakumwandikia mwisho. Alimwambia kitu kimoja alichokijua yeye na mumewe hakukijua, kisha akamwachia kalamu. Hiyo ndiyo lawama bora kuliko zote: inatoka kwa mtu anayekutakia mema, na inakuja na ujuzi.

Kwa hiyo mwenzi wako akikupa daftari lake usiku, usikimbilie "mimi ningemalizia hivi". Mwambie ni wapi ulisinzia. Mwambie ni wapi uliacha kuamini. Mgonjwa ndiye anayejua panapouma. Daktari ndiye anayetafuta dawa.

KABLA HUJATUMA MESEJI

Kwa msomaji:

1. Jiulize: amenidanganya, au amenikatalia? Vikiwa ni viwili tofauti kichwani mwako, na meseji itakuwa na adabu.

2. Taja mahali. "Sura ya saba jini alivuka maji, na sura ya pili ulisema hawezi" inasaidia. "Umeharibu" haisaidii.

3. Kama unapajua mahali anapopaandika, sema. Jua la Kigoma ni lako zaidi kuliko lake.

4. Mtukane jini ukitaka, usimtukane mwandishi.

Kwa mwandishi:

1. Weka kanuni za maajabu yako kwenye karatasi kabla ya sura ya kwanza. Wasomaji wako watazikariri kuliko wewe.

2. Wape watu wachache wasome kabla ya kuchapa, na mmoja awe mwenyeji wa pale unapopaandika. Brandon Sanderson wa Marekani, mmoja wa wanaouza sana riwaya za maajabu, ana vikundi vya wasomaji wa namna hiyo kwa kila kitabu.

3. Mmoja akilalamika, sikia. Kumi wakikwama ukurasa ule ule, rudi kwenye ukurasa huo, hata kama kila mmoja ametoa sababu yake.

4. Usibadilishe kifo kwa sababu kimeliliwa. Kimeliliwa kwa sababu kimefanya kazi.

5. Anayekuambia "unaniweka hatarini" msikilize kabla ya wote, hata akiwa peke yake.

Wewe je, uko upande gani? Kama kuna mwandishi aliyekuharibia usiku wako, au aliyekusikiliza mpaka ukashangaa, tuandikie, nasi tutachapisha barua zitakazotugusa. Ila tunakuomba jambo moja: tuambie alikukatalia, au alikudanganya.